Presha Langoni: Nilichojifunza Kuhusu Maamuzi ya Mchezaji Mzoefu

Kocha wa makipa aliyenilea hakuwa mtu wa kugomba baada ya mechi. Tukifungwa goli lenye maswali, alikuwa anakupa karatasi na kalamu. "Nichoree hapa. Mpira ulipopigwa, nani alikuwa wapi?" Ukimaliza anaitazama kidogo, anaikunja, anaitia mfukoni, na habari inaishia hapo. Mimi nilidhani ni adhabu ya kistaarabu. Baada ya misimu kadhaa ndipo aliponitandikia karatasi zangu zote mezani nizione kwa pamoja. Za mechi za kirafiki zilikuwa zimejaa watu: mabeki wetu, mastraika wao, kiungo anayenyemelea ukingoni mwa boksi, hata refa nilikuwa nimemwekea alama yake. Za mechi nzito, zile za kupanda au kushuka daraja, zilikuwa na mpira, mpigaji na mimi. Basi.

Sijapata somo la presha lililozidi lile, na nimesoma mengi tangu hapo kwa sababu sasa na mimi nafundisha makipa. Watu husema presha humsahaulisha mchezaji mpira. Kwa mchezaji mzoefu sijaliona hilo. Mikono ya kudaka ni ile ile, mguu wa kupiga ni ule ule. Kinachoguswa kwanza ni macho. Halafu hufuata jambo baya zaidi ambalo huzungumzwa kidogo: mchezaji anaacha kujibu swali la mchezo, anaanza kujibu swali la watu. Alikuwa anajiuliza mpira unakwenda wapi. Sasa anajiuliza akikosea watamsemaje. Wala hajui kwamba swali limebadilika.

Nianze na macho. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Easterbrook aliandika kwamba kadiri msisimko wa mwili unavyopanda, ndivyo mambo ambayo akili inayazingatia yanavyopungua. Mwanzoni ni faida. Kelele za jukwaani zinapotea, mabango yanapotea, maumivu ya kidole yanapotea, unabaki na mchezo wenyewe. Aliyewahi kucheza fainali anaijua ile hali ya ukimya wa ajabu katikati ya makelele. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema presha ni adui. Kipa asiye na presha hata kidogo hufungwa magoli ya kusinzia. Tatizo ni kwamba upunguzaji huo hauna akili ya kujua pa kuishia. Msisimko ukizidi kiwango, vinaanza kupotea hata vile unavyovihitaji: winga aliyeachwa nguzo ya mbali, saa, nani ana kadi ya njano, mabadiliko mangapi yamebaki.

Mfano ninaoutumia sana kwa vijana wangu hautoki hata kwenye soka. Tarehe 5 Aprili 1993, kwenye fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, Michigan walikuwa nyuma ya North Carolina kwa pointi mbili, 73 kwa 71, zikiwa zimebaki kama sekunde 11. Chris Webber alibanwa kwenye kona na wapinzani wawili, mbele ya benchi lake mwenyewe, akaomba taimauti, yaani mchezo usimamishwe kidogo timu ipange mambo. Michigan hawakuwa na taimauti hata moja iliyobaki. Kwa kanuni hiyo ni faulo ya kiufundi: wapinzani walipewa mitupo huru, na mpira ukawa wao. Mechi iliisha 77 kwa 71. Miezi michache baadaye Webber huyo huyo alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kati ya vijana wote walioingia NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, mwaka ule, kwa hiyo habari ya kipaji tuiweke kando. Mimi huwa nawaambia vijana waangalie kitu kingine. Umebanwa kona, huna pa kupitisha, muda unakimbia: kuomba taimauti ndilo jibu sahihi, ndilo analofundishwa kila mchezaji wa kikapu. Uamuzi ulikuwa wa mtu anayeujua mchezo. Kilichokosekana ni taarifa moja ndogo ambayo haikuwa mbele ya macho yake wakati ule.

Wapiga penalti nao macho huwaponza, kwa namna yao. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza, Mark Wilson akiwa mmoja wao, walifuatilia macho ya wapigaji kwa kifaa maalumu. Wakitiwa wasiwasi, wapigaji walimtazama kipa mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mipira yao ikaenda karibu naye zaidi. Jicho likishika kitu, mguu hufuata. Sisi makipa tulikuwa tunalijua hilo bila kifaa. Bruce Grobbelaar alilegeza magoti kama mlevi kule Roma mwaka 1984, Jerzy Dudek akacheza mstarini Istanbul mwaka 2005, na Liverpool ikachukua kombe la Ulaya mara zote mbili. Siku hizi kanuni imebana: tangu msimu wa 2023/24 kipa haruhusiwi kumvuruga mpigaji isivyo haki, kwa mfano kuchelewesha mkwaju au kugusa nguzo na nyavu. Kusimama wima na kutanua mikono bado ni halali. Inatosha.

Sasa niingie kwenye lile la pili, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake wa Israel walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za ligi kubwa na mashindano makubwa. Makipa waliruka kushoto au kulia karibu kila mara; waliobaki katikati walikuwa asilimia 6.3 tu. Lakini mipira iliyopigwa katikati ilikuwa asilimia 28.7. Na waliobaki katikati waliokoa theluthi moja ya mikwaju, wakati walioruka waliokoa chini ya asilimia 15. Ukipiga hesabu utaona waliobaki ni kama mara 18 tu, kwa hiyo mimi sifanyi dini ya hiyo theluthi. Ninachokiamini ni ile 6.3. Watu wanaolipwa kwa kudaka mpira, wenye uzoefu wa miaka, mbona hawasimami?

Watafiti wanasema ni kwa sababu ukifungwa umeruka, unaonekana umejitahidi. Ukifungwa umesimama, unaonekana mzembe. Hilo mimi nililiona kwa macho yangu nikiwa benchi. Mwenzangu tuliyekuwa tunagombania namba alikuwa ameusoma mwendo wa mpigaji vizuri, akaamua kusimama. Mpira ulikwenda pembeni. Uamuzi wake ulikuwa na sababu zote, na kama mpira ungekuja katikati angebebwa juu juu. Lakini benchi zima lilisimama, na sauti iliyosikika kuliko zote ilisema, "Hata kuruka hukuruka!" Mikwaju iliyobaki ile siku aliiruka yote, tena mapema. Na misimu yote iliyofuata sikumwona akisimama tena. Hakuna aliyemwambia aache. Alijifunza mwenyewe kwamba kuna kufungwa kunakosamehewa na kufungwa kusikosamehewa.

Kwa upande wa wapigaji, Mnorwe Geir Jordet amekaa miaka mingi akichambua mikwaju ya mashindano makubwa. Pale ambapo ukifunga timu yako inashinda papo hapo, wapigaji hufunga asilimia 92. Pale ambapo ukikosa timu inatolewa papo hapo, wanashuka hadi takriban asilimia 60. Umbali ni ule ule, mita 11. Lango ni lile lile. Tofauti ni unachokimbilia na unachokikimbia. Na alionyesha pia kwamba hao wa kundi la pili huwa na haraka na humgeuzia kipa mgongo wakirudi kuchukua kasi. Filimbi ikilia tu, keshaondoka. Mimi nikiwa langoni nilikuwa nafurahi sana kumwona mpigaji wa namna hiyo. Huyo haji kufunga, anakuja kumaliza.

Asamoah Gyan huwa simwachi katika mazungumzo haya. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza. Luis Suárez wa Uruguay akauzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia, akala kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti. Gyan, ambaye alishafunga penalti kwenye mashindano yale yale, akaugonga mtambaa panya. Bara zima lilishika kichwa. Kinachosahaulika ni kilichofuata: mikwaju ilipoanza, wa kwanza kwa Ghana alikuwa Gyan, na akafunga vizuri kabisa. Ni mtu yule yule, umbali ule ule, na katikati zilipita dakika chache tu. Uruguay walishinda 4 kwa 2, lakini anayetaka kuniambia presha hufuta ufundi anieleze kwanza mkwaju ule wa pili ulitoka wapi.

Penalti zina sinema nyingi. Kazi halisi ya kipa ni krosi, na hapo ndipo presha inapoharibu zaidi kwa siri. Krosi inakupa chini ya sekunde mbili na njia mbili: toka au baki. Ukitoka ukakosa mpira, lango liko wazi na mwenye kosa ni wewe peke yako, uwanja mzima umeona. Ukibaki na straika akapiga kichwa cha mita tano, atalaumiwa beki, au hatalaumiwa mtu. Mazoezini kipa mzuri hutoka kwa kuwa ameusoma mpira. Dakika ya 85, mkiongoza kwa goli moja, hatua yake ya kwanza inakuwa ya nyuma. Ni hatua ndogo, nusu ya kiatu. Kwenye video za wanafunzi wangu huwa naitafuta hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ikishatokea, hata akiamua kutoka atakuwa amechelewa, atatoka nusu nusu, na kutoka nusu nusu ni kubaya kuliko kutoka na kuliko kubaki. Mashabiki watasema kipa ameingiwa na woga. Makipa hawa hawa huingiza vichwa vyao miguuni mwa mastraika bila kufikiri mara mbili. Wanaogopa lawama kuliko kuvunjika pua.

Marefa nao ni hivyo hivyo, tuwaonee huruma kidogo. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 2002 ambapo marefa 40 walionyeshwa matukio yale yale ya kukabana, wengine wakiwa na sauti ya mashabiki, wengine bila. Waliosikia kelele waliita faulo chache zaidi dhidi ya timu ya nyumbani, kwa asilimia 15.5. Hakuna aliyewahonga. Walichagua tu filimbi isiyozua makelele.

Tufanyeje, basi? Ushauri unaopendwa ni "tulia, fikiria kwanza". Kwa mtoto anayeanza, sawa. Kwa mzoefu mimi naona ni ushauri mbovu. Joseph Johnson na Markus Raab mwaka 2003 walichapisha utafiti wa wachezaji wa mpira wa mikono: walionyeshwa mchezo kwenye video, ukasimamishwa, wakaulizwa wangefanya nini. Wazo la kwanza kwa kawaida lilikuwa bora kuliko yaliyofuata, na kadiri mtu alivyoorodhesha mengi ndivyo alivyozidi kuliacha lile la kwanza. Kwa mtu aliyekwisha kuona krosi maelfu, wazo la kwanza ni uzoefu unaongea. La pili na la tatu, kwenye mechi nzito, mara nyingi ni watu wanaongea. Sharti lake ni moja: awe ameona. Wazo la kwanza la kipa ambaye picha yake ina mpira na mpigaji tu halina thamani kubwa. Kwa hiyo kabla ya kona nawafundisha kugeuza kichwa kweli kweli, nguzo ya karibu, nguzo ya mbali, ukingo wa boksi, na kutaja namba za jezi kwa sauti. Wapinzani hucheka. Wacheke.

Halafu kuna kupunguza maamuzi yenyewe. Sisi tumekubaliana na mabeki tangu mwanzo wa msimu: mpira wa juu unaotua ndani ya boksi dogo ni wa kipa, hata kama beki yuko karibu zaidi, hata kama ni dakika ya mwisho. Kipa akipiga kelele "Wangu!" hakuna mjadala. Uamuzi umeshafanywa siku ambayo hapakuwa na presha. Jens Lehmann, kipa wa Ujerumani, alifanya jambo la ukoo huo Berlin tarehe 30 Juni 2006, mechi yao na Argentina ilipofika kwenye penalti: alikuwa na kikaratasi ndani ya soksi chenye tabia za wapigaji. Watu husimulia zaidi mkwaju wa Esteban Cambiasso, ambaye hakuwemo kwenye kikaratasi kile. Lehmann alikitoa, akakisoma bila haraka, akaokoa. Kwa kipa karatasi ilipunguza maswali. Mpigaji aliongezewa moja.

Zamani tulidhani kumpa kipa presha mazoezini ni kumchosha. Tulikimbizwa hadi tutapike, ndipo tupigiwe mipira. Uchovu ni uchovu; unajifunza kudaka umechoka, na hilo lina faida yake. Presha ni kutazamwa na kuhesabiwa. Mholanzi Raôul Oudejans na mwenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba waliofanya mazoezi ya mitupo huru ya kikapu wakiwa na wasiwasi kidogo hawakushuka walipobanwa baadaye, tofauti na waliofanya kwa raha zao. Kidogo tu, wala si mateso. Mimi namwomba kocha mkuu aje asimame nyuma ya lango na daftari wakati wa zoezi la krosi. Anaandika kila kipa anapogusa mpira. Utawaona wanavyobadilika: miguu inaganda, vichwa vinaacha kugeuka, ile nusu ya kiatu inarudi nyuma. Wiki zikipita inapungua. Daftari lenyewe halina kitu, anachora chora maua, na naomba wanafunzi wangu wasisome hapa.

Lakini mazoezi yote hayo ni bure kama benchi litaendelea kupiga kelele zile zile. Nililipeleka suala hili kwa benchi la ufundi baada ya kubishana nalo kwa muda mrefu, na tukafikia makubaliano. Kabla ya mikwaju ya penalti, kocha mkuu anamwambia kipa mbele ya timu nzima: simama, ruka, fanya ulichosoma, hakuna atakayekuuliza. Na hakuna anayeuliza. Wasaidizi wawili ilibidi wakumbushwe kwa kushikwa jezi.

Kipa wetu namba moja ameyapenda makubaliano hayo kiasi kwamba sasa anadai yaenee mpaka kwenye krosi. Kocha mkuu amekataa. Anasema penalti ni bahati nasibu, lakini krosi ni kazi ya kila wiki, na kazi ya kila wiki lazima mtu aulizwe. Mimi niko upande wa kipa. Tumekaa vikao kadhaa, na kikao kijacho nimeambiwa nije na video. Ninazo nyingi.